KUTOKA HALLUNDA HADI KISAUNI: MASAFA NA SAA ZAKE



Ndugu zetu wasomaji, katika kurasa hizi huandikwa mara kwa mara khabari za safari: nani amerudi Umra, nani amekwenda Mombasa kuoza binti yake, na wapi zinapatikana tiketi za bei nafuu. Leo tumependa kuandika juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hudhani analijua mpaka siku atakapolihitaji, nalo ni masafa yaliyopo baina ya milango ya nyumba zetu hapa Hallunda na milango ya nyumba za wazee wetu huko Unguja. Ndugu zetu wa Mombasa, wa Dar es Salaam na wa Ngazija watuwie radhi kwa kuhisabia Unguja. Hisabu zao tutazitaja njiani.

Jambo lenyewe lilianza kwa swali la mtoto. Mwanetu wa darasa la nne alitakiwa na mwalimu wake aeleze bibi yake anakaa umbali gani. Watoto wenzake wa Kiswidi walijibu kwa dakika: bibi yangu yuko dakika kumi kwa basi. Wetu alirudi nyumbani na karatasi tupu. Basi tulikwenda naye maktaba ya hapa Hallunda, tukaomba tufe la dunia, tukachukua uzi, ncha moja tukaibana juu ya Stockholm na ya pili juu ya kile kijidoti cha kijani kilicho pembeni mwa Tanganyika, kisha tukauvuta mpaka ukanyooka.

Ramani ya ukutani hudanganya, kwani huikuza Uswidi na kuifinya Afrika. Tufe halidanganyi. Uzi ulionesha kwamba kutoka uwanja wa Arlanda mpaka uwanja wa Unguja, ambao tangu 2010 unaitwa kwa jina la Abeid Amani Karume lakini wazee wetu wengi hawajaacha kuuita Kisauni, ni kilomita 7,560 hivi. Mombasa ni karibu zaidi, 7,330. Dar es Salaam ni 7,630. Moroni inapindukia 8,200. Ndege kubwa za abiria huruka kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Mtoto akagawanya, akapata saa nane na dakika ishirini na kitu. Akafurahi mno, akasema: kumbe ni usiku mmoja tu, mtu analala na kuamka kwa bibi!

Hatukumkatisha tamaa palepale, lakini hisabu ile si ya kweli, na sababu zake zinastahili kuelezwa.

Kwanza, hakuna ndege ya kila siku inayotoka Arlanda ikaenda moja kwa moja Unguja. Lazima kupita mahali. Hapa uzi ulitufunza jambo ambalo hatukulijua kwa miaka yote tuliyosafiri: ulipita karibu kabisa na Istanbul. Kutoka Arlanda mpaka Istanbul ni kilomita 2,180 hivi, na kutoka hapo mpaka Unguja ni 5,400 kasoro kidogo, hata masafa hayazidi kwa kiasi cha kuhisabika. Anayepitia Addis Ababa naye huongeza kama kilomita thelathini tu. Anayepitia Doha huongeza kiasi cha 800, na anayepitia Amsterdam huanza kwa kwenda magharibi, kinyume na aendako, akaongeza karibu 900. Hatuandiki haya ili kulipigia debe shirika lolote. Bei ndiyo inayotuchagulia njia wengi wetu, na mara nyingi njia iliyopinda ndiyo iliyo rahisi.

Pili, uzi haujui vita. Mstari ulionyooka kutoka hapa mpaka Istanbul unapita juu ya pembe ya magharibi ya Ukraine, ambayo anga lake lilifungwa kwa ndege za abiria Februari 2022. Ukitoka Istanbul kwenda Unguja unakata mashariki ya Sudan, na huko nako vita vilipozuka Aprili 2023 ndege zikalazimika kuzunguka. Rubani huupinda mstari kulia na kushoto, abiria amelala wala hana khabari, ila atakapoamka ataona saa imezidi. Wenye vita hawakutukusudia sisi, lakini hata anayekwenda kumwangalia mama yake hulipa sehemu yake.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, safari haianzii uwanjani. Hallunda imo katika manispaa ya Botkyrka, kusini-magharibi ya Stockholm. Majumba yetu haya ya ghorofa ni ya ule mpango wa Serikali ya Uswidi wa kujenga nyumba milioni moja baina ya 1965 na 1974, na treni ya chini ya ardhi ilifika hapa Januari 1975. Sisi ni kituo cha mwisho kasoro kimoja. Anayetaka kwenda mjini huhisabu vituo kumi na tisa: Alby, kisha Fittja penye ule msikiti wenye mnara ambao adhana yake ya Ijumaa ilisikika nje kwa mara ya kwanza mwaka 2013, kisha daraja juu ya maji, Masmo, Vårby gård, na kuendelea mpaka T-Centralen, dakika 35 hivi. Hapo hubadilisha treni, akaenda dakika nyingine 40 kasoro. Arlanda iko kaskazini ya mji na sisi tuko kusini. Kwa hivyo safari yetu ya kwenda kusini ya dunia huanza kwa kwenda kaskazini, na ndege ikisharuka ndipo hurudi kufuta tulichokwenda. Tia na kungoja, na kuburura mabegi, na mtoto aliyesahau kofia yake: ni saa mbili. Tia na saa mbili au tatu za kuwahi uwanjani. Zimekwisha saa tano, na hatujasogea hata hatua moja kuelekea nyumbani.

Baada ya hapo ni saa tatu na nusu za kufika Istanbul, kungoja ambako huweza kuwa saa mbili au kumi kwa kadiri ya tiketi, kisha saa saba na kitu mpaka Unguja. Kule nako kuna foleni ya pasipoti, na viza kwa sisi tuliochukua uraia wa Uswidi, kwani Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kuna mabegi, kuna teksi. Mwenye nyumba mjini hufika kwa robo saa, wa Makunduchi huhitaji zaidi ya saa nzima. Jumla, mlango kwa mlango, tumepata chini kabisa saa 19, na kwa kawaida 24 au 25.

Hapa tutoe tahadhari ndogo. Tiketi huandika saa kwa hisabu ya Kizungu, nasi husoma kwa Kiswahili au huchanganya. Mwaka mmoja tulisoma 03.15 kwenye tiketi, tukawaambia wa nyumbani "saa tatu na robo". Ndege ikatua saa tisa na robo usiku. Tulikaa juu ya mabegi yetu nje ya uwanja mpaka asubuhi, mbu wakitukaribisha, na jamaa wakaja saa tatu na robo barabara, wameoga, wamevaa, na wanatulaumu kwa kufika mapema.

Yote haya tungeweza kuyachukulia kuwa mazungumzo ya barazani lau si Januari ile, miaka michache iliyopita.

Simu ililia saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Nje giza tupu, kwani wakati huo wa mwaka jua hapa halichomozi mpaka karibu saa tatu. Unguja ilikuwa saa mbili na dakika kumi, maana wakati wa baridi wao wako mbele yetu kwa saa mbili. Mama yetu alikuwa amefariki saa moja asubuhi, nyumbani, Kikwajuni. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Aliyepiga simu hakuuliza kama tutakuja. Alitupa khabari, akasema atazikwa leo baada ya alasiri, Mwanakwerekwe, akakata simu kwa sababu watu walikuwa wamekwishaanza kuingia.

Tulikaa na karatasi, kama alivyokaa mwanetu na uzi wake. Baada ya alasiri, yaani saa kumi ya Unguja, ni saa nane mchana ya hapa. Kutoka simu ilipolia mpaka maziko ni chini ya saa nane. Hata ile ndege ya hisabu ya mtoto, ile iliyonyooka kama uzi, isiyo na foleni wala vita, isingetufikisha.

Mmoja wetu alitaka kupiga simu kuomba wangoje siku moja. Mkubwa wetu alikataa. Alisema mama aliwakosha maiti wa mtaa ule kwa miaka mingi na hata mara moja hakuwahi kumngojea mtu anayekuja kutoka mbali. Vipi leo yeye awekwe kwa ajili yetu? Hapakuwa na wa kujibu. Tunajua kwamba wako waliongoja, na wako waliolaumiwa kwa kungoja. Sisi twasimulia yetu tu.

Mkuu wetu wa kazi alipopigiwa simu alitupa pole ya kweli, akauliza maziko ni lini. Tukamwambia leo, saa nane mchana kwa saa za hapa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: lakini hamtawahi. Tukamwambia hatutawahi. Akauliza, wala si kwa ubaya: basi mnakwenda kufanya nini? Inafaa kumwelewa. Sheria ya nchi hii inawapa watu mpaka mwezi mmoja kumzika maiti wao, na aghalabu huzikwa baada ya wiki kadhaa. Wana wasaa wa kupeleka barua, wa kuchagua maua, wa kumngoja mjukuu aliyeko Australia. Kwao masafa hayamnyimi mtu maziko. Tulimjibu kwamba tunakwenda kukaa matanga na ndugu zetu. Tulilitafuta neno la Kiswidi la matanga, hatukulipata.

Tulisafiri wawili, waliobaki wakabaki na watoto. Saa nane ilipogonga tulikuwa Arlanda, tumekwishapita ukaguzi, tumekaa karibu na dirisha. Binamu yetu alipiga simu, akaishika mkononi ndani ya msikiti. Tulisikia takbira nne. Baada ya hapo tulisikia miguu ya watu, kisha upepo, kisha simu ikakatika. Ndege yetu iliondoka saa tisa na dakika arobaini, jua limekwishatua. Tuliingia Kikwajuni siku ya pili saa tatu asubuhi. Saa ishirini na tano kasoro dakika chache tangu simu ile. Kaburi lilikuwa na umri wa saa kumi na saba, na umande ulikuwa bado juu ya udongo.

Wazee waliokuja nchi hii zamani, kabla ya simu za mkononi, hutueleza kuwa wao khabari ya msiba iliwafikia kwa barua, pengine arobaini imekwishapita. Na waliowatangulia, waliokuwa wakienda na majahazi baina ya Maskati na Unguja, ambako kwa mstari ulionyooka si zaidi ya kilomita 4,000, walikwenda na kaskazi na kurudi na kusi. Aliyeondoka hakutarajiwa mpaka upepo ugeuke. Twaweza kuwaonea huruma. Lakini kwao khabari na mwili vilikuwa vikienda kwa mwendo mmoja: barua ilichelewa, na mtu akachelewa. Kwetu sisi khabari hufika kwa nukta moja, na mwili bado wataka siku nzima. Katikati ya hivyo viwili mtu hukaa kwenye kiti cha plastiki pale Arlanda akisikiliza upepo wa Mwanakwerekwe.

Waliobaki Hallunda hawakukaa bure. Jioni ile, baada ya isha, jamaa walikusanyika katika chumba chetu cha chini ya jengo, wakamsalia mama sala ya ghaibu. Kwa wasioizoea: katika madhehebu yetu ya Shafii inajuzu kumsalia maiti aliye mji mwingine, na dalili yake ni Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kumsalia Najashi mfalme wa Uhabeshi, yeye akiwa Madina na maiti akiwa ng'ambo ya bahari. Wanetu walisimama safu ya nyuma. Yule wa tufe na uzi aliuliza baadaye kama na Madina mpaka Uhabeshi ni mbali, tukamwambia ni mbali, lakini ni karibu kuliko hapa na kwa bibi.

Na kwa kuwa tumeingia katika fikihi, tutaje na hili. Masafa ya kukasiri sala wanavyuoni wetu waliyakadiria kwa marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa ngamia waliobeba mizigo, ambao wengi siku hizi huuhisabu kuwa kilomita themanini na kitu. Safari yetu ni marhala mbili mara tisini hivi. Wale wa kale walipima masafa kwa siku na kwa uchovu. Sisi tunayapima kwa kilomita, na ndiyo maana tunakosea.

Sasa tuliseme lile lililotufanya tuandike. Siku ya tatu, baada ya hitima, tulipata kujua kuwa mama aliugua siku kumi na moja. Katika siku hizo tulizungumza naye kwa simu mara tatu, na kila mara tuliambiwa ana mafua tu, amechoka, amelala. Siku kumi na moja ni saa 264. Safari ni saa 25. Tungeweza kufika mara kumi.

Tulimkabili dada yetu mkubwa, na hatukumkabili kwa upole. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatujibu: "Mwaka ule alipolazwa tulikwambieni. Mlikuja wanne, kwa mkopo. Mama akapona. Mkakaa wiki mbili, kila siku mnahisabu deni mbele yake, na mlipoondoka akanishika mkono akaniambia, hawa wanangu usiwaite tena kwa homa."

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Ni kweli tulihisabu deni mbele yake. Tulikuwa tukihisabu kwa Kiswidi, tukidhani hafahamu. Lakini tarakimu mtu huzisoma usoni.

Tumezungumza na jamaa wengi hapa Hallunda, Alby na Fittja, na karibu kila nyumba ina kisa chake cha "hatukutaka kukutieni wasiwasi". Wala si wao peke yao wanaoficha. Sisi nasi tunaficha: nani amepasuliwa, nani hana kazi tangu Mfunguo Tatu, nani ameachana na mkewe. Kila upande unaulinda upande wa pili, na baina ya pande mbili yanabaki yale masafa, ambayo hayafichiki.

Nyumbani kwetu tumepatana mambo mawili, nasi twayaandika kwa anayetaka kuyatazama. Pasipoti zetu hatuziachi zikafika miezi sita ya mwisho, kwani mtu asije akafika uwanjani akarudishwa na tarehe. Na tunaweka krona mia mbili kila mwezi katika bahasha ambayo haiguswi kwa Sikukuu wala kwa harusi, tena tumemwambia dada yetu kwamba bahasha ipo, na kiasi gani kimo, ili atakapopima kutwambia au kutotwambia, asipime na deni.

Alichosema kuhusu bahasha hakusema. Lakini Jumatatu iliyopita alipiga simu mchana, saa ambayo hapigi, akatwambia khaleti, mdogo wake mama, amelazwa Mnazi Mmoja. Anakula kidogo, anazungumza, daktari hajasema neno. Akanyamaza. Nasi tukanyamaza. Kisha akasema: "Nimekwambieni."

Tumekata tiketi ya Alkhamisi, ya mtu mmoja, kupitia Istanbul. Kungoja ni saa tano, si mbaya. Mwanetu, ambaye sasa yuko darasa la saba, amehisabu mlango kwa mlango akapata saa 22, na safari hii ametia na treni, na foleni, na teksi. Ndege itatua 03.15. Tumewaambia: saa tisa na robo, usiku, usiku wa kuamkia Ijumaa.

Khaleti huenda akatugombeza kwa kupoteza fedha. Inshaallah atugombeze.